Mama Mkwe na Masanduku Yake ya Picha

Mama mkwe wangu alikuwa na mkasi mmoja ambao hakumwazima mtu. Ulikuwa mkasi mdogo wa kukatia kucha, ncha zimepinda kidogo, na aliutundika kwenye msumari sebuleni, juu kuliko mkono wangu unavyofika. Jirani angeweza kuja kuomba chumvi, mkaa, hata godoro la kumlazia mgeni, akapewa. Akiomba mkasi aliambiwa, "Umelala."

Kwa mkasi huo alikata nyuso za karibu nusu ya watu wa mtaa wetu pale Mlabani, Ifakara. Mtu alikuja na picha kwenye simu, ya mtoto wake siku ya komunyo ya kwanza, ya bibi yake, ya shamba la mpunga likiwa limeiva. Mama mkwe aliichapa kwenye printa iliyokuwa sebuleni, akaikata ukingoni taratibu, akaibandika juu ya sanduku dogo la mbao, kisha akapaka vanishi, tabaka juu ya tabaka. Akishamaliza alifumba macho na kupitisha kidole juu ya kifuniko. Kidole kikigundua mahali picha inapoanzia, kazi ilikuwa haijaisha. Alipaka tena, akasubiri ikauke, akafumba macho tena. Watu waliyatumia masanduku hayo kuwekea vyeti vya ubatizo, kadi za kliniki, rozari, hereni. Mama mmoja aliwekea meno ya bandia ya mumewe, na juu ya kifuniko kulikuwa na mume mwenyewe akicheka.

Printa hakuwahi kuiita printa. Aliiita "yule".

"Yule" alikuwa wa mwanae, yaani mume wangu. Aliinunua tulipooana ili kujiongezea kipato: picha za pasipoti, mitihani ya shule, ratiba za mazishi. Tuliishi na mama chumba kwa chumba kwa miaka miwili, mimi nikifundisha shule ya msingi katika kijiji cha Kisawasawa na kurudi mwisho wa juma. Kisha figo za mume wangu zikagoma. Hakuugua muda mrefu. Hatukuwa tumejaliwa mtoto.

Baada ya arobaini ndugu walikaa kugawa vitu vya marehemu. Baba mdogo wa mume wangu aliinuka, akaikaribia meza ya printa, akasema itamfaa kijana wake anayesoma Morogoro. Mama mkwe alikuwa jikoni. Alikuja na sufuria la maharage yaliyokuwa yamechemka, akaikunja kanga yake mara nne, akaitandika juu ya printa, akaweka sufuria juu yake.

"Shemeji," alimwambia, "mbona unasimama? Kaa, chakula tayari."

Hakuna aliyeigusa tena. Mimi niliondoka na nguo zangu na begi la vitabu. Kwa kweli sikutegemea kurudi. Katika ile miaka miwili hakuwahi kunisema kwa ubaya, lakini pia sikumbuki neno tamu lililotoka kinywani mwake kuja kwangu. Aliniita "Mwalimu", kama anavyoitwa mtu wa ofisini. Mume ndiye aliyekuwa daraja, na daraja lilikuwa limekatika.

Mwezi mmoja baadaye akapiga simu.

"Mwalimu. Jumamosi una kazi?"

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo unifundishe kumwasha yule."

Nikaenda. Nilidhani anataka kumuuza, au labda anataka kuchapa kitu kimoja tu kwa ajili ya misa ya kumbukumbu. Nilimkuta ameweka mezani sanduku jipya la mbao ya mninga, alilotengenezewa na fundi seremala wa jirani kwa mabaki ya vitanda. Kwenye simu yake alikuwa na picha ya mwanae, ile aliyopigwa siku ya harusi yetu, tai imepinda. Alikuwa ameona mahali fulani sanduku lililobandikwa picha, sijui kwa nani, na akaamua kwamba anaweza.

Nikamwonyesha wapi pa kubonyeza. Picha ikatoka, nzuri, rangi zote. Akaikata kwa ule mkasi wa kucha, alitumia karibu saa nzima, akizunguka masikio kama mtu anayemnyoa mtoto aliyelala. Kisha akapaka gundi ya maseremala kwenye mbao, akailaza picha, akaipaka na juu yake.

Wino ukaanza kutembea. Ule wino wa printa za nyumbani haupatani na maji, na sisi hatukujua. Kwanza nyusi, kisha tai, kisha shavu lote likateremka kuelekea kidevuni. Nilishika mdomo. Nilitaka kumwondolea lile sanduku asilione, lakini alikuwa ameshaliona. Alikuwa ameinama juu yake na brashi mkononi.

Akatazama kwa muda. Halafu akasema, "Huyu tangu mtoto alikuwa anatoka jasho."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, kwa sababu ilikuwa kweli. Mume wangu alitoka jasho hata akila tikiti. Na yeye akacheka, mabega yanatikisika, na katikati ya kicheko kile sijui nani alianza, tukajikuta tunalia wote wawili, kila mmoja upande wake wa meza. Siku za msiba tulikuwa tumelia tukiwa tumezungukwa na watu. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulia pamoja.

Sanduku lile hakulitupa. Aliweka sindano na nyuzi, na akalitumia kila siku.

Jumamosi iliyofuata akanipigia tena, nije tujaribu upya. Na iliyofuata. Hivyo ndivyo tulivyojifunza: kwamba picha ikitoka ipakwe vanishi kwanza, mbele na nyuma, ikauke kabisa ndipo ikutane na gundi, kwamba karatasi ikiwa nene unaisugua mgongo kwa msasa hadi ibaki kama ngozi ya kitunguu, kwamba mapovu ya hewa yanasukumwa kutoka katikati kwenda pembeni, kwa kidole gumba, bila pupa. Wino wa bluu ndio uliokwisha haraka kuliko rangi nyingine. "Kila mtu anataka mbingu nyuma yake," alinung'unika.

Si kwamba hakukosea tena. Kuna wakati aliona gundi ya dukani ni anasa, akasema watu wa Ifakara kununua gundi wakati mchele upo ni kukosa akili. Akapika uji mzito wa unga wa mchele, akabandikia masanduku manne yaliyokuwa yameagizwa na akina mama wa jumuiya. Yalishika vizuri sana. Panya nao walikubali. Asubuhi ya siku ya tatu tulikuta wamekula watakatifu wawili na mwenyekiti wa kwaya hadi kiunoni. Mwenyekiti huyo alikuwa amegombana naye mwezi mzima kuhusu sare. Mama mkwe alimwangalia pale kwenye kifuniko, amebaki miguu tu, akafanya ishara ya msalaba, akasema hakuomba jambo hilo ingawa hakusikitika sana. Kisha akakaa siku mbili akimtengenezea jingine, zuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza, na akalipeleka mwenyewe hadi nyumbani kwake.

Ndivyo alivyokuwa. Neno "samahani" lilikuwa gumu kwake kuliko kupanda kwenda Mahenge kwa miguu. Akikukosea alikupikia perege wa kukaanga na kukuwekea wewe kipande cha kichwa, kisha akakaa mbali kidogo kuona kama umeelewa. Alikuwa mbahili wa karatasi, akichapa barua za watu upande wa nyuma wa mitihani ya zamani, lakini picha moja angeichapa mara nne kwa sababu macho ya mtu hayakumridhisha. Alijua sura za watu wote wa mtaa hadi makovu, ila ukimwelekezea simu umpige picha alifunika uso kwa upande wa kanga na kusema, "Mimi nipo. Ya nini picha?"

Mzee mmoja mvuvi aliagiza sanduku la kuwekea karatasi zake za shamba, akataka juu yake kuwe na kambale. Mama mkwe akatafuta kwenye simu, akachapa kambale mkubwa, mweusi, anang'aa. Mzee alipokuja kulichukua alilishika, akaligeuza, akalirudisha mezani.

"Hulipendi, mzee wangu?"

"Sanduku ni zuri. Ila huyu samaki simfahamu. Tazama sharubu. Huyu si wa mto wetu."

Mtu mwingine angecheka. Mama mkwe alivuta stuli akamkalisha, akamuuliza sharubu za kambale wa Kilombero zikoje, na yule mzee akaeleza kwa vidole vyote kumi. Wiki iliyofuata alimletea kambale mzima ndani ya ndoo, tukampiga picha kabla hajaingia chunguni. Sanduku likarudiwa lote.

Mteja ninayemkumbuka zaidi ni dada mmoja aliyekuwa ameachana na mumewe. Alikuja na picha ya zamani waliyopiga pamoja, alimopendeza kuliko picha zake nyingine zote, akataka mwanamume aondolewe.

Mama mkwe aliitazama picha ile kwenye karatasi, akaigeuza kushoto na kulia. "Mkono wake uko begani kwako," alisema. "Nikimkata yeye, wewe utabaki na vidole vinne vya mtu."

"Basi kata na bega, mama."

"Bega ni lako. Kwa nini upoteze bega kwa sababu yake?"

Alimwambia arudi kesho kutwa. Akachapa maua ya mpungate, akakata ua moja dogo na kulilaza palepale juu ya vidole, likakaa kama alilivaa mwenyewe. Yule dada alipoliona alilia kidogo. Mama mkwe alimwambia asilie juu ya vanishi mbichi.

Mimi nilikuwa nimeshika brashi nikasikia yote. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa wakati huo. Ndugu wa mume wangu walipokuja kula sikukuu walinitazama kama kiti ambacho mwenyewe hayupo. Wifi mmoja aliwahi kusema kwa sauti, ili nisikie, kwamba laiti kaka yao angeacha hata mtoto mmoja, basi mimi kuja pale kila Jumamosi kungekuwa na maana. Mama mkwe alikuwa anapakua wali. Hakugeuka.

"Umekuja kula," alimuuliza, "au kuhesabu watoto?"

Wali ukaliwa. Lakini neno la wifi lilibaki nami. Lilikuwa na ukweli ndani yake. Sikuwa na mjukuu wa kumletea, wala haki ya kitu chochote ndani ya nyumba ile. Kama siku moja ningeacha kuja, hakuna desturi ambayo ingenirudisha.

Ndipo nikakutana na Gaudensi. Ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga, mtu wa kijiji cha Mbingu, mpole, mwenye kusikiliza kwanza. Alikuja Kisawasawa kutengeneza mashine iliyo karibu na shule yetu, akaja tena kuikagua ingawa ilikuwa nzima. Sitaeleza mengi. Baada ya miezi minane aliniambia anataka kunioa, na mimi nilitaka, na usiku ule sikulala kwa sababu moja tu: nitamwambiaje mama?

Nikaanza kukosa Jumamosi. Nilisema kuna semina, kuna vikao vya wazazi, nina mafua. Yeye alijibu kila mara, "Sawa, Mwalimu," na kukata simu.

Wakati wa masika nilimwomba anichapie picha za wanafunzi wangu, nibandike ukutani darasani. Nilimtumia kwa simu, kumi na saba kwa mara moja. Jumamosi nikaenda kuzichukua. Alikuwa ameshazikata zote na kuzipanga mezani, mstari mmoja, watoto wamevaa sare, wengine wametoa meno, wengine wamekunja uso kwa jua. Nikawa napitia nikifurahi. Mwisho wa mstari, amekatwa vizuri kabisa, masikio yote mawili yamezungukwa, alikuwa Gaudensi na ovaroli yake yenye mafuta.

Kidole changu ndicho kilichomchagua kwenye simu bila mimi kujua.

Mama mkwe alikuwa amekaa, miwani imeshuka puani, akisugua kifuniko kwa msasa.

"Na huyu naye," alisema, "ni mwanafunzi wako?"

Nilinyoosha picha ya mtoto mmoja iliyokuwa tayari imenyooka.

"Yuko darasa la ngapi?"

"Mama..."

"Maana naona ndevu."

Nikakaa chini, kwenye sakafu, si kwenye kiti. Nikamweleza yote. Yeye aliendelea kusugua, mwendo uleule, hakuongeza wala kupunguza. Nilipomaliza alipuliza vumbi la mbao.

"Wa wapi?"

"Mbingu, mama."

"Anakunywa?"

"Siku za sikukuu."

"Siku za sikukuu za nani? Kuna watu sikukuu zao haziishi." Kisha, bila kuninyanyulia macho: "Chukua watoto wako, giza lisikukute njiani."

Nilizikusanya zile picha. Ya Gaudensi aliishika yeye, akaiweka kando. Sikuthubutu kuiomba.

Zilipita wiki tatu bila simu. Nilisikia kutoka kwa wifi kwamba baba mdogo ameshapata habari na anasema mjane akiolewa kwingine asikanyage tena pale, ndiyo heshima ya marehemu. Sikujua mama amejibu nini. Nilifundisha, nikasahihisha madaftari, nikamwambia Gaudensi tusubiri. Aliniuliza tunasubiri nini hasa. Baba yangu mzazi yuko Mahenge, mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Kwa taratibu hakukuwa na mtu mwingine wa kuombwa ruhusa. Nilimwambia sijui. Nasubiri tu.

Siku ya Alhamisi simu ikalia.

"Mwalimu, mwambie yule mtu aje Jumapili baada ya misa. Asije peke yake kama mwizi. Aje na mshenga."

"Aje hapo, mama? Hapo nyumbani?"

"Kwani nimehama?"

Walikuja wawili, Gaudensi na binamu yake mkubwa, mashati yamepigwa pasi, viatu vimejaa tope la njiani. Mimi niliamriwa nikae jikoni kule nje, na nisitoke hadi niitwe. Lakini dirisha la sebule halina kioo, lina wavu tu, na mama alijua hivyo. Baba mdogo naye alikuwepo. Alikuwa ameitwa akae pale, na inaonekana alikuwa ameambiwa asiseme kitu, maana alikohoa tu mara kwa mara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaeni. Huyu mnayemtaka baba yake yuko Mahenge. Kule mtakwenda, na mtakwenda kwa heshima. Ila anayemfahamu ni mimi, ndiyo maana nimewaita kwanza hapa."

"Tumeelewa, mama," alisema mshenga.

"Mnajua ni mjane wa mwanangu."

"Tunajua."

Kisha akamgeukia Gaudensi mwenyewe, nadhani, kwa sababu sauti ilibadilika.

"Huyu akikaa na njaa kichwa kinamuuma, wala hasemi. Ukimwona amenyamaza, mpe chakula kwanza, ugomvi baadaye. Radi anaiogopa, atakudanganya haogopi. Chumvi anasahau. Miaka miwili aliyopika hapa nilikuwa naongeza mwenyewe akitoka, hajawahi kujua. Ongeza na wewe, usimseme mbele za watu. Akilia, analia jikoni peke yake. Mwache amalize. Usimfuate na maswali."

Mimi pale jikoni nilikuwa nimekaa juu ya kinu, nimeshika kanga mdomoni kwa meno.

"Mwanangu hakujaliwa muda wa kuyajua yote hayo," aliendelea. "Mimi nimeyaona. Sasa nimekwambia, usije ukasema hukujua."

"Nimesikia, mama," Gaudensi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mshenga alijikohoza. Ni mtu mzoefu wa mambo haya, anataka kila neno likae mahali pake. "Mama, tunashukuru. Lakini tukirudi nyumbani wazee watatuuliza. Tuwaambie tulikwenda kwa nani? Kwa mama wa marehemu, au kwa mama wa binti?"

Nilisikia baba mdogo akivuta pumzi. Nilisikia kiti kikilia.

"Marehemu tulimzika," alisema mama mkwe. "Aliyebaki ni binti."

Kisha akaniita, "Mwanangu, leta maji wageni wanawe."

Hakuwahi kuniita hivyo. Nilichukua birika na beseni, nikaingia. Nilimnawisha baba mdogo kwanza, naye akanawa, akatazama maji.

Walipomaliza kula tuliwasindikiza hadi barabarani, mama akitembea polepole kwa sababu ya goti lililokuwa likimsumbua. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa milima ya Udzungwa. Mshenga aliaga. Gaudensi akasimama mbele ya mama, akainamisha kichwa.

"Asante sana, mama mkwe."

Mama akavuta kanga kutoka begani, akaifunika kichwani hadi kwenye paji la uso, akatazama chini na kurudi nyuma hatua moja, kama mama anavyofanya mbele ya mwanamume aliyemwoa binti yake.

"Haya nendeni, mkwe wangu," alisema. "Barabara ya Mbingu ikinyesha haipitiki."